Mikono ya Zbyszko

Filamu ya Night and the City, aliyoiongoza Jules Dassin na iliyotoka mwaka 1950, ina pambano moja la mieleka ambalo halikuuziwa tiketi. Mzee Gregorius, mwanamieleka wa zama zilizopita, amechokozwa na jitu liitwalo Strangler ndani ya ukumbi wa mazoezi jijini London. Jitu limelewa, linatukana, na mzee subira imemwisha. Wanavaana. Dakika zinakwenda, jasho linawatoka, huyu anamkunja yule na yule anamkunja huyu, hadi mzee anapofanikiwa kumkumbatia mwenzake kwa mikono yote miwili na kumbana, na kuzidi kumbana, mpaka nguvu zinamwishia. Halafu mzee mwenyewe analazwa chumbani na kufia mikononi mwa mwanawe.

Nimetazama filamu nyingi za kupigana, za Hong Kong na za Hollywood, na sijaona pambano lililonikaa rohoni kama lile. Sababu yake si siri. Aliyecheza Gregorius hakuwa mwigizaji bali Stanislaus Zbyszko, Mpolandi aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa mieleka mwaka 1921, na ambaye kamera zilipomfikia umri wake ulikuwa umegonga miaka sabini. Aliyecheza Strangler ni Mike Mazurki, ambaye naye alikula mkate wa ulingoni kabla sura yake haijapendwa na watengeneza filamu za majambazi. Hawa walikuwa mafundi wawili, na mtu haigizi tu ufundi wa namna ile siku mbili tatu kabla ya kupiga picha.

Tazama mikono ya mzee. Haitulii, lakini pia haikurupuki. Inapita kwenye kifundo cha mkono wa Mazurki, inapanda kwenye kiwiko, inashika kisogo, inaachia, inarudi kiunoni, kama mikono ya fundi jahazi inayopapasa ubao kutafuta palipooza. Hakuna mshiko unaoonekana umepangwa. Kila mmoja umezaliwa na ule uliotangulia. Na mwili wa Mazurki, ambao ni mkubwa kwelikweli, unajibu kila unaposhikwa: unajipindua, unalegea, unakaza. Vijana wa leo watasema ni polepole mno. Ni polepole kwa sababu kila mmoja anamsoma mwenzake.

Zbyszko ninayemsifu hapa hakuwa malaika, tena maisha yake yana mambo ya kumwonea haya. Septemba 10, 1910, jijini London, alikutana na Gama, yule pahalwani wa Amritsar ambaye mapromota wa Uingereza walikuwa wamemdharau kwa ufupi wake. Zbyszko alimpita uzito kwa kilo nyingi. Haikuchukua muda akatambua kwamba kilo zile hazitamsaidia, basi akalala kifudifudi, akaling'ang'ania turubai, na akakaa hivyo karibu pambano zima, saa mbili na nusu na zaidi. Gama alimvuta, akamnyanyua, akamzungusha, asiweze kumlaza chali. Hapakupatikana mshindi. Juma lililofuata walitakiwa warudiane, Zbyszko hakutokea.

Waliokuwapo walimzomea, na walikuwa na haki. Lakini mimi nikilifikiria pambano lile huishia kumstahi kidogo mtu niliyekusudia kumcheka. Hebu jilaze sakafuni, umwambie mtu mwenye nguvu akugeuze. Utageuzwa kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Kulala kwa namna ambayo mtu hodari kuliko wote duniani hakugeuzi kwa saa mbili na nusu kunahitaji ujue goti likae wapi, kiwiko kikae wapi, na uzito uuhamishie upande gani kabla mkono wake haujafika. Ni ufundi usiopendeza, ila ni ufundi. Mwaka 1928 walikutana tena, safari hii Patiala, nyumbani kwa Gama kwa maana ya wapenzi na udongo. Zbyszko alipigwa mwereka na kulazwa chali chini ya dakika moja.

Kati ya mapambano hayo mawili kuna lile la Philadelphia, ambalo ndilo linaloeleza zama zile vizuri kuliko yote. Kufikia miaka ya 1920 mieleka ya kulipwa Marekani ilikuwa imeshakuwa mchezo unaopangwa. Mabwana watatu, Ed Lewis, Billy Sandow na Toots Mondt, ndio walioshika hatamu, na Januari 1925 waliamua mkanda wa ubingwa uende kwa Wayne Munn, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mrefu, mpana, kivutio cha watu, asiyejua lolote la maana kuhusu mieleka. Aprili 15 mwaka huohuo wakampa Zbyszko kama mzee wa kuangushwa. Walikubaliana ashindwe. Zbyszko, ambaye alikuwa amekwishaongea na kambi pinzani, aliingia ulingoni na kupigana kweli. Alimbwaga Munn, akambwaga tena, na yule kijana hakuwa na la kufanya kwa sababu hakuwahi kufundishwa. Watu waliokata tiketi walimwona kwa macho yao bingwa wa dunia akigaragazwa na mtu wa umri wa baba yake mdogo.

Ulikuwa usaliti wa biashara, sina haja ya kuupamba. Ila kuanzia siku ile kila promota mwenye akili alijua kwamba mkanda hauwezi kukaa kiunoni mwa mtu asiyeweza kuulinda. Hata kama mapambano yanapangwa, bingwa lazima awe mtu ambaye mpango ukivunjwa anaweza kuuunga upya kwa mikono yake. Hapo ndipo penye utamu wa wale wa zamani kwangu. Ukweli ulikaa ndani ya maigizo, umenyamaza, na kila mmoja ulingoni alijua upo.

Bingwa wa namna hiyo alikuwa Lou Thesz, mtoto wa fundi viatu, mhamiaji wa Kihungaria jijini St. Louis, na mishiko ya kwanza alifundishwa na baba yake nyumbani. Baadaye akapita kwa Mgiriki George Tragos, ambaye alimwonyesha jinsi kiungo cha mwanadamu kinavyofungwa, kisha akaangukia mikononi mwa Ed Lewis mwenyewe. Huyu Lewis ndiye aliyekuwa na kichwa cha mbao kilichopasuliwa katikati na kutiwa springi, akikikaba kwapani kila siku ili kabari yake isilegee. Alikufa mwaka 1966, macho yameharibiwa na vikope, ugonjwa uliowatesa wanamieleka wengi wa enzi zake. Mwanafunzi wake alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1937, akiwa na miaka 21, na alipanda ulingoni mara ya mwisho Desemba 1990 huko Japani, ana miaka 74, akicheza na Masahiro Chono, kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Anayejua kuvunja mkono ndiye anayejua pa kuishia. Thesz alipokunja kiwiko cha mtu alikifikisha pale ambapo mfupa hauna tena pa kwenda, akasimama hapo, na mwenzake akapiga kelele kwa sababu kweli kulikuwa na jambo la kupigia kelele. Kesho yake yule mwenzake alipanda treni kwenda mji mwingine, mkono wake mzima, akapate riziki. Hii ndiyo heshima ninayoitamani. Mtu alikukabidhi shingo yake mbele ya maelfu ya watu, nawe ukamrudishia kama ulivyoipokea.

Uingereza nao walikuwa na Wigan, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Lancashire, na ndani ya Wigan kibanda cha Billy Riley ambacho leo kinajulikana zaidi kwa jina la Snake Pit. Hakikuwa na vioo, wala bafu la maana, wala muziki. Wachimba mgodi walitoka chini ya ardhi wakaenda kukunjana. Karl Istaz wa Antwerp, aliyekuwa ameshiriki Olimpiki ya 1948 kwa bendera ya Ubelgiji, alifika pale akidhani anajua mieleka, akatupwa huku na huku na watu waliomzidi maarifa. Akakaa akajifunza upya. Baadaye alijiita Karl Gotch, kwa kumkumbuka Frank Gotch wa Iowa, bingwa wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaenda Japani, ambako walimpa hadhi iliyokaribia ya miungu.

Gotch alifanya mazoezi kwa karata. Alichanganya karata, akafunua moja moja: rangi hii ni kuchuchumaa na kuinuka, rangi ile ni kupiga pushapu, na namba iliyochorwa ndiyo idadi. Hakuna kuruka karata. Ukimaliza zote, ukiwa bado unaweza kusimama, ndipo unaonyeshwa mshiko. Mmoja wa waliopita kwenye mikono yake ni Antonio Inoki, ambaye wengi huku kwetu tunamjua kwa jambo moja tu: mwaka 1976, miaka miwili baada ya lile pambano la Ali la Kinshasa, alilala chali ulingoni Tokyo akampiga mateke ya miguu Muhammad Ali raundi baada ya raundi. Tulimcheka. Laiti tungeliona pambano lake na Billy Robinson, kijana mwingine aliyefundwa Wigan, Desemba 1975. Walicheza dakika 60 kamili, kila mmoja akamlaza mwenzake mara moja, muda ukaisha bila mshindi, na hapana kiti hata kimoja kilichorushwa.

Pwani yetu nayo ilikuwa na uzi wake mwembamba uliotuunganisha na dunia ile. Wazee waliolelewa na sinema za Kihindi wanamjua Dara Singh. Wanamkumbuka kama mcheza filamu mwenye kifua kipana, na wengi hawakujua kwamba kifua kile kilitengenezwa kwenye udongo wa Punjab na ulingo wa Singapore, wala kwamba mwaka 1968 alimshinda Lou Thesz mjini Bombay, na Thesz, mtu asiyetoa sifa za bure, alimhesabu kuwa mwanamieleka halisi. Watoto walitoka sinema wakaenda ufukweni kupigana mitama na ngwala, na sheria ilikuwa moja: mgongo ukigusa mchanga, umekwisha. Hakuna aliyerukia tumbo la mwenzake.

Kisha yakaja mabanda ya video. Miaka ya 1990 tulijazana humo, jenereta likinguruma nje, tukamtazama Undertaker akifufuka na Yokozuna akikalia watu. Mabishano yalikuwa yaleyale kila Jumamosi: ni kweli au wanaigiza? Nadhani tulibishania kitu kisicho na maana. Ngoma ni kweli au kuigiza? La kuuliza lilikuwa kama anayeanguka amefundishwa kuanguka, na kama anayemwangusha amefundishwa kumtunza. Sisi hatukuuliza. Tulitoka nje tukarushana kutoka juu ya ukuta, na mtaani kwetu kuna mtu mzima ambaye bega lake limekaa upande hadi leo kwa sababu ya mchana mmoja wa namna hiyo.

Sitaki kusema kwamba wa leo hawajui kitu. Wengine wana miili iliyofundwa vizuri kuliko ya kina Lewis, na wanaruka kwa namna ambayo Zbyszko asingeiota. Kinachonikera ni haraka. Mshiko haupewi nafasi ya kuuma. Mtu anapigwa mwereka ambao zamani ungemaliza pambano, anainuka, anapigwa mwingine, anainuka, na mtazamaji anajifunza kwamba hakuna kinachouma. Basi wanalazimika kupanda ngazi, kisha paa la tundu la chuma. Na walimu wanapungua. Thesz alikufa mwaka 2002, Gotch 2007, Robinson 2014. Harley Race, ambaye akiwa kijana mdogo alifundwa kwenye shamba la Zbyszko na mdogo wake, naye mwanamieleka, huko Missouri, alifariki mwaka 2019.

Katika banda letu, tukio lililozungumzwa kuliko yote ni la Juni 28, 1998, Pittsburgh: Undertaker anamtupa Mankind kutoka juu ya tundu lile, karibu mita tano, hadi juu ya meza. Kanda ilirudishwa nyuma mpaka ikaanza kukwaruza. Jina halisi la Mankind ni Mick Foley, na aliyemfundisha ni Dominic DeNucci, Mwitaliano wa ulingo wa kale aliyekuwa akiishi Pennsylvania. Foley alikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Aliendesha gari mwendo wa saa nyingi kumfuata, na usiku alilala humohumo garini. Masomo ya kwanza ya walimu wa aina ya DeNucci ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wote utue kwa pamoja, mikono ipige chini, pumzi itoke, inuka, anguka tena. Foley alitua kwenye meza ile, akatolewa kwenye machela, akashuka, akarudi kupigana. Sisi tulishangilia meza. DeNucci hakutajwa na mtu, na hata angetajwa, sidhani kama kuna aliyekuwamo bandani angetaka kujua ni nani.