Klia Iliyobaki

Gari likitoka bandarini Dar es Salaam na kuingia yadi, kazi ya kwanza ni kulipiga kompaundi. Kijana anapita na mashine boneti, paa na milango, anamalizia na silikoni kwenye matairi na dashibodi, na Vitz ya miaka kumi na miwili inang'aa kuliko ilivyong'aa Japani wiki ya mwisho. Mteja analizunguka mara moja, anafungua na kufunga mlango kusikia mlio wake, anauliza injini na bei. Rangi ameshaipitisha moyoni kwa sababu inameremeta.

Mng'ao ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukitengeneza kwenye gari. Mchana mmoja unatosha. Anayejua rangi hauulizii mng'ao. Anauliza klia, lile tabaka angavu la juu, imebaki kiasi gani, na ni klia ya nani, ya kiwanda au ya gereji.

Kiwandani bodi tupu ya chuma huzamishwa kwanza kwenye dimbwi la rangi ya kuzuia kutu, inayovutwa na umeme mpaka kwenye pembe ambazo bunduki ya kupulizia haifiki. Juu yake inakuja praima, kisha rangi yenyewe, kisha klia. Kwenye magari mengi tabaka zote hizo kwa pamoja ni kama mikroni 90 hadi 150 tu, na unywele wa binadamu ni kama 70. Klia peke yake ni 40 hadi 50 hivi. Ile rangi unayoisifia, bluu au maruni, mara nyingi haizidi 20. Kwa hiyo kinachokaa juani na kupokea mchanga, mvua na kinyesi cha ndege ni klia, na ndani yake mna kemikali za kunyonya miale mikali ya jua. Kila ukiikwangua, kinga inapungua, na hakuna polishi inayoirudisha.

Klia ya kiwandani huokwa kwenye tanuri la nyuzi 140 hivi, kabla gari halijawekewa viti wala nyaya. Gereji haiwezi kufanya hivyo. Gari zima lina plastiki na mpira, hivyo hata gereji yenye oveni nzuri huishia nyuzi 60, na klia inakauka kwa msaada wa hadina. Fundi hodari anaweza kupata matokeo mazuri sana kwa njia hiyo. Ila ni kazi tofauti, na mnunuzi ana haki ya kujua analipia ipi.

Sasa kukagua. Kataa kukagua gari lililolowa, maana maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Kataa pia kulikagua jioni chini ya turubai. Likaushwe, litolewe nje, kisha washa tochi ya simu na uisogeze taratibu juu ya boneti. Ukiona mistari midogo imezunguka mwanga pande zote, hiyo ni mikwaruzo ya kufuta na kuosha vibaya. Karibu kila gari linayo, jambo ni wingi wake. Ukiona michirizi mipana inayotembea pamoja na mwanga, hiyo ni alama ya mashine iliyopitishwa kwa haraka, na maana yake klia imeliwa hivi karibuni na mtu asiyekuwa na subira.

Baada ya hapo chuchumaa kwenye kona ya nyuma, jicho liwe usawa wa vitasa vya milango, na utafute kitu kilichonyooka kinachoakisiwa kwenye bodi: nguzo ya umeme, ukingo wa ukuta, taa ya tyubu ya ofisini. Fuata taswira yake kutoka mlango wa nyuma kwenda wa mbele mpaka kwenye madigadi. Ikivunjika au kuyumba katikati ya mlango, pale pana puti. Angalia pia vipele vidogo vya uso wa klia, ambavyo mafundi huviita ganda la chungwa. Watu hudhani ni kasoro. Karibu kila gari la kawaida linatoka kiwandani na ganda la chungwa dogo lililo sawasawa mwili mzima. Kinachotakiwa kukushtua ni mlango mmoja laini kabisa, au wenye vipele vikubwa, wakati majirani zake hawako hivyo.

Ushahidi mzito uko pembeni, sio katikati. Fundi akimaliza kazi huifurahia boneti. Nadra afurahie bawaba zake. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti: rangi ikiwa imevunjika kwenye kona zake, spana imepita. Pitisha kucha kwenye ukingo wa ndani wa mlango, karibu na mpira. Rangi ya kiwandani inapita chini ya mpira bila mpaka, ya gereji mara nyingi ina ukingo mdogo pale karatasi ya kuzibia ilipoishia. Chungulia plastiki nyeusi ya ndani ya tao la tairi, kama ina vumbi la rangi. Na lebo za kiwandani chini ya boneti zikiwa zimepuliziwa rangi, huhitaji ushahidi mwingine.

Kuna kifaa cha kupima unene wa rangi, kinashikika mkononi, na kwa anayenunua gari la mamilioni si gharama ya kulalamikia. Gusisha sehemu tano au sita kwa kila bamba. Ukisoma 110, 120, 115 gari zima halafu madigadi moja ikatoa 240, imerudiwa rangi. Ikipanda mamia zaidi, kuna puti ndani. Lakini mimi huwa makini zaidi na namba ndogo. Boneti inayosoma 75 wakati milango ina 115 imesuguliwa mno, na ndiyo itakayokuja kubabuka. Kifaa hiki husoma juu ya chuma au alumini, si bampa ya plastiki. Bampa pia isikupe presha kwa tofauti ndogo ya rangi: ni plastiki, mara nyingi hupakwa mbali na bodi, na kwenye rangi za fedha na lulu tofauti hiyo huonekana hata kwenye gari ambalo halijawahi kuguswa.

Kwa gari la mnada wa Japani, omba karatasi ya mnada kabla hujaomba punguzo. Mchoro wa gari una herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyotengenezwa na kurudiwa, na tarakimu ya mbele yake hueleza ukubwa. W1 ni kazi nzuri isiyoonekana kirahisi; W3 utaiona mwenyewe. XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea huwa na sababu.

Angalia pia namba ya rangi kwenye kibati cha utambulisho. Nyeupe ya kawaida ya Toyota, kama 040 au 058, kwenye Hiace na Probox nyingi haina klia kabisa. Rangi na kinga ni kitu kimoja. Sugua sehemu iliyojificha kwa polishi na kitambaa cheusi: kikitoka na weupe, hakuna klia. Nyeupe ya lulu, 070, ni habari nyingine. Ina msingi mweupe, tabaka la lulu, kisha klia, na kuilinganisha baada ya ajali ni mtihani ambao gereji nyingi hufeli. Bei ya kurudia bampa ya 070 iulizie kabla hujalipenda gari.

Klia iliyokufa hujitangaza kwenye paa na boneti, maana ndipo jua linapotua. Inaanza na ukungu mweupe usioondoka kwa kuosha, kisha inabanduka vipande. Hapo polishi haina kazi, iwe ya bei gani. Ni msasa na kurudia upya.

Ukishalipata gari lenye klia nzuri, kazi iliyobaki ni kutoipunguza. Kama ni jipya la shoo rumu, mwambie muuzaji asilioshe siku ya kulikabidhi. Atashangaa. Mikwaruzo ya kwanza ya magari mengi mapya hutiwa palepale, na sponji iliyokwisha kuosha kumi mengine.

Adui mkubwa wa rangi ya gari mjini kwetu ni kile kitambaa kikavu cha asubuhi. Vumbi letu ni mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Mlinzi anayekufutia vumbi kwa nia njema kila siku anakupigia msasa. Mpe shukrani yake, ila mwombe aliache gari na vumbi lake. Vumbi lililotulia halidhuru kitu, linadhuru likisukumwa. Kuosha ni maji mengi kwanza, kisha shampoo ya gari, kuanzia paa kushuka, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga huondoa waksi. Na kwa waosha magari nenda na kitambaa chako mwenyewe, maana cha pale kimetoka kwenye rimu sasa hivi.

Maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi. Yakikauka juani huacha madoa ya mviringo yanayong'ang'ania, kwa hiyo osha kivulini na ukaushe upesi. Halafu kuna kunguru. Kinyesi chao kina asidi, na klia iliyopashwa moto na jua hulainika kidogo, kisha ikipoa inakazana kulizunguka doa. Ndiyo maana unaloliacha mpaka jioni unalikuta limechora. Lowesha karatasi laini, ilaze juu yake dakika chache, kisha inua bila kusugua. Kivuli cha mwembe nacho si cha bure: kuna utomvu, kuna kunguru, na usiku kuna popo.

Waksi ya kanauba, ya mti wa Brazili, inapendeza sana kwenye rangi nyeusi lakini kwa jua letu haikai miezi mingi. Seramiki inakaa zaidi, na maji huteleza vizuri juu yake. Ile "9H" ya kwenye tangazo ni kipimo cha ugumu wa penseli. Haitazuia jiwe la lori barabara ya Morogoro. Kinachozuia jiwe ni filamu nene ya plastiki, na kwa bei yake wengi huishia kuiweka boneti na bampa. Kwa bamba lililorudiwa gereji, subiri angalau mwezi kabla ya kulipaka chochote, maana bado linatoa tina.

Kompaundi ya kila sevisi ikatae. Kusahihisha kwa uangalifu mara moja, kwa fundi anayepima unene kabla ya kuwasha mashine, kunakula mikroni chache na kunakubalika. Mara kwa mara ni kuimaliza. Na kwa mkwaruzo mmoja, pitisha ukucha juu yake kwanza. Usiponasa, mkwaruzo uko ndani ya klia, na polishi ya mkono inatosha. Ukinasa, mashine itaondoa klia nzuri pande zote na mkwaruzo utabaki. Nunua kikopo kidogo cha rangi ya namba ya gari lako, dondoshea kwa ncha ya kijiti, acha ikauke, rudia, kisha weka klia juu.