Meza ni Meza: Kisa cha Peter Bichsel Darasani

Wanafunzi wa Kijerumani katika vyuo vikuu, wakisha kuvuka hatua ya mwanzo, aghalabu husomeshwa kisa cha Peter Bichsel, Mswisi, kiitwacho "Ein Tisch ist ein Tisch", kilichotoka mwaka 1969 katika kitabu chake Kindergeschichten. Sentensi zake ni fupi, na maneno yake ni ya chumbani. Mzee mpweke, aliyechoshwa na siku zisizobadilika, anageuza majina ya vitu: kitanda akiita picha, meza zulia, kiti saa ya kuamshia.

Wako walimu waishiao kumtaka mwanafunzi apange upya majina hayo. Zoezi hilo ni jepesi mno. Kijerumani kina jinsi tatu za majina, na mageuzi matatu ya kwanza hayavuki jinsi: Bett na Bild ni jinsi moja, Tisch na Teppich vivyo hivyo, tena Stuhl na Wecker. Sarufi haikutikisika hata Zeitung ilipoitwa Bett. Basi jaribu kufasiri: kwa neno la kwanza tu "kitanda changu kikubwa" huwa "picha yangu kubwa", na ngeli imekwisha hama. Mfasiri atakaye utulivu ule wa mwanzo hana budi kutafuta jina jingine la KI-, labda kikapu (kioo hakifai, kimo kisani tayari).

Hatimaye mzee ananyamaza, kwa kuwa watu hawamfahamu tena. Hapo zoezi la darasani huwa limekwisha fungwa. Mimi ningalianzia hapo.