Pongezi kwa Wachonga Gumegume wa Brandon
Bunduki nyingi za gumegume walizobeba askari wa Uingereza kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815 zilitegemea mawe ya Brandon, Suffolk. Mafundi wa mji huo waliyapasua kwa nyundo, pigo kwa pigo, mpaka ukingo ukawa mkali kama wembe. Nawavulia kofia.

Askari alitia baruti kidogo kwenye kifa, yaani kisahani cha pembeni mwa bunduki, akafunika, akamimina iliyobaki mtutuni, kisha akashindilia risasi kwa mdeki. Alipofyatua, jiwe lilikwangua bamba la chuma, bamba likainuka na kufunua kifa, cheche zikaangukia baruti, moto ukapenya tundu dogo hadi ndani. Jiwe likiwa butu, bunduki haikulia.

Vumbi la kazi hiyo liliharibu mapafu ya mafundi wengi, nao waliendelea kuchonga hadi karne ya 20.