Federo, Ugatuzi na Shirikisho: Uhakiki wa Msamiati wa Madaraka Nchini Uganda Ukitazamwa Kutoka Kilima cha Old Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi tatu zinazotumiwa kueleza mgawanyo wa madaraka nchini Uganda: federo, ugatuzi na shirikisho. Inajenga hoja kwamba istilahi hizi si visawe, na kwamba kila moja hubeba jibu lake kwa swali ambalo katiba za Uganda zimelikwepa tangu 1962, yaani madaraka ni mali ya nani kabla hayajagawanywa. Makala inaonyesha kuwa kuitafsiri federo kwa neno ugatuzi au shirikisho bila maelezo ni kuchukua upande katika mgogoro ambao umegharimu maisha ya watu. Inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuzitumia istilahi hizi katika matini za sera na sheria.

1. Utangulizi

Mnamo Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Imperial British East Africa, alipiga kambi juu ya kilima kinachoitwa leo Old Kampala, akajenga ngome mkabala na Mengo, makao ya Kabaka Mwanga. Januari 1892 bunduki ya Maxim iliyokuwa ndani ya ngome hiyo ilisaidia kuamua vita vya Mengo. Jina la kilima likawa jina la mji, na mwaka 1962 mji huo ukashika nafasi ya Entebbe kama makao makuu ya nchi. Leo kilima hicho kina Msikiti wa Taifa wa Uganda, na anayepanda mnara wake huiona Mengo, lilipo jengo la Bulange ambamo Lukiiko, baraza la Buganda, hukutana.

Umbali kati ya vilima hivi viwili ni mfupi kwa miguu, lakini kisiasa haujapata kufupishwa. Dola kuu ilianzia Old Kampala kama mgeni mwenye silaha katika ardhi ya ufalme uliokuwa na mahakama, kodi na machifu wake. Kiswahili nacho kilipanda kilima hicho pamoja na wageni hao, vinywani mwa wapagazi na askari waliotoka pwani. Ndiyo maana swali la Kiswahili kitaieleza vipi federo haliwezi kuachiwa wafasiri peke yao. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Pili alipinga hadharani juhudi za serikali ya kikoloni za kukifanya Kiswahili lugha rasmi, akihofia hatima ya Luganda na hadhi ya Buganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Lugha iliyoogopwa kama chombo cha dola kuu sasa inaombwa iieleze dola hiyo kwa raia wote. Itaieleza kwa maneno gani?

2. Sarufi ya maneno matatu

Maana ya neno haiamuliwi na asili yake pekee. Hata hivyo, umbo la neno huonyesha ni nani anayedhaniwa kuwa mtendaji. Kitenzi kugatua huhitaji yambwa na mtendaji: serikali hugatua madaraka kwa wilaya au kaunti. Mwenye madaraka ni mtenda, naye anayepokea ni mnufaika. Matumizi ya Kenya baada ya Katiba ya 2010, iliyounda kaunti 47, na yale ya Tanzania katika sera za serikali za mitaa, yameliimarisha neno ugatuzi katika mkondo huo. Madaraka hutoka juu yakashuka chini.

Neno shirikisho limejengwa juu ya kauli ya kutendesha: shiriki, shirikisha, shirikisho. Nalo lina mtendaji aliyejificha, yule anayewashirikisha wengine. Muungano, kwa upande wake, hutokana na kauli ya kutendana: unga, ungana, muungano. Hapa hakuna anayemuunga mwenzake kwa nguvu, kwa kuwa wahusika hudhaniwa kuwa walikuwapo kabla ya tendo. Kwa sarufi pekee, muungano ndilo neno linalokaribia zaidi dai la Mengo, lakini historia ya mwaka 1964 imelifunga neno hilo na Tanganyika na Zanzibar kiasi kwamba msomaji hawezi kulisikia kwingineko bila kuzikumbuka.

Jimbo nalo halisaidii. Nchini Kenya, majimbo ya Katiba ya 1963 yaliacha kumbukumbu ya hofu kwamba kila kabila litadai kuwafukuza wengine kutoka eneo lake. Nchini Tanzania jimbo ni eneo la uchaguzi, na huko Kongo ni mkoa wa kiutawala.

Federo yenyewe ni neno la Luganda lililokopwa kutoka Kiingereza, lakini halina tena maana ya vitabu vya sayansi ya siasa. Katika vinywa vya wanaolitumia, haliko mbali na neno jingine la Luganda, ebyaffe, yaani "vitu vyetu". Kisarufi, tofauti iko wazi. Ugatuzi hujengwa juu ya kitenzi cha kutoa, ilhali ebyaffe hujengwa juu ya kimilikishi. Anayedai chake haombi kugatuliwa, anadai kurudishiwa.

3. Mkataba uliosomwa kwa njia mbili, 1962 hadi 1967

Tofauti hii ilionekana mapema. Desemba 1960 Lukiiko ilitangaza kuwa Buganda itakuwa huru kuanzia mwaka uliofuata. Tangazo hilo halikutekelezwa, lakini liliweka msingi wa majadiliano ya London ya 1961. Katiba ya Uhuru ya 1962 iliipa Buganda uhusiano wa kishirikisho na serikali kuu, ikaziacha Ankole, Bunyoro, Toro na Busoga na mamlaka pungufu zaidi, na sehemu nyingine ikazipanga kama wilaya. Wabunge 21 wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko badala ya wapigakura moja kwa moja.

Wahakiki wengi huilaumu katiba hiyo kwa kutokuwa na ulinganifu. Lawama hiyo haitoshi. Miungano mingi hudumu bila ulinganifu: Scotland ina bunge lake tangu 1999 huku England ikikosa, na Zanzibar ina serikali yake huku Tanganyika haina. Kasoro kubwa ya 1962 ilikuwa kwamba matini moja ilisomwa kwa njia mbili. Mengo iliisoma kama mkataba kati ya pande mbili zilizokuwapo kabla yake. Serikali ya Milton Obote iliisoma kama sheria iliyotungwa na dola, na ambayo dola ingeweza kuirekebisha. Usomaji huo wa pili ndio ulioruhusu katiba ya muda ya Aprili 1966. Usomaji wa kwanza ndio ulioifanya Lukiiko, tarehe 20 Mei 1966, iitake serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku nne baadaye jeshi chini ya Idi Amin lilishambulia Lubiri, kasri la Mengo, na Kabaka Muteesa wa Pili, aliyekuwa pia Rais wa nchi, akakimbilia uhamishoni. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote.

Azimio la 20 Mei husomwa mara nyingi kama uasi au kama upuuzi. Likisomwa kwa makini, ni sentensi iliyofuata mantiki ya mkataba hadi mwisho wake: mpangaji akiuvunja mkataba, mwenye nyumba humtaka aondoke. Hatari yake ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo walikuwamo raia wengi wasiokuwa upande wowote wa mkataba.

4. Utamaduni kama mpaka wa siasa

Mwaka 1993 falme zilirejeshwa, na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa tarehe 31 Julai mwaka huo. Katiba ya 1995 iliwatambua watawala hao kama viongozi wa kimila au kitamaduni na kuwazuia kushiriki siasa za vyama. Neno utamaduni limebebeshwa hapa mzigo mzito: limekuwa mpaka. Yaliyo ndani yake, kama vile mavazi, ngoma na mazishi, yanaruhusiwa. Yaliyo nje yake, kama vile ardhi, kodi na uchaguzi, ni ya dola. Lakini katika Buganda ardhi na ufalme havikupata kutenganishwa, na Mkataba wa 1900 ulivifunga pamoja zaidi kwa kugawa ardhi ya mailo.

Wakati huo huo, Uganda ilisifiwa kwa ugatuzi. Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ziliziweka wilaya katikati ya utoaji wa huduma. Hapa neno ugatuzi linastahili, na kwa sababu hiyo hiyo udhaifu wake unaonekana. Kilichotolewa kwa hiari kinaweza kurudishwa kwa hiari. Mwaka 2005 kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo la mapato ya wilaya ilifutwa, na uteuzi wa watendaji wakuu wa wilaya ukahamishiwa Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa. Wilaya, ambazo zilikuwa 33 mwaka 1986, sasa ni zaidi ya 130, na kila iliyomegwa ni ndogo zaidi mbele ya hazina kuu. Marekebisho ya 2005 pia yaliruhusu serikali za kanda, lakini Mengo ilizikataa na hazijaundwa.

Kifungu cha tano cha Katiba, kama kilivyorekebishwa mwaka 2005, kinaeleza hali hii kwa muhtasari kuliko hotuba yoyote. Kinasema kwamba Kampala iko Buganda na kwamba itasimamiwa na serikali kuu. Sehemu ya kwanza inakiri dai la kimilikishi, na ya pili inalitangua. Sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala ya 2010 ilijengwa juu ya sehemu ya pili. Mkazi wa Old Kampala anaishi ndani ya sentensi hiyo.

5. "Vyetu" ni vya nani?

Uhakiki wa haki hauwezi kuisamehe federo. Kimilikishi cha wingi huwaunganisha wasemaji, lakini pia huwaficha walio ndani yake bila kuulizwa. Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura na kuchagua kurudi Bunyoro baada ya kuwa chini ya Buganda tangu enzi ya ukoloni. Kwao, "vitu vyetu" vya Mengo vilikuwa vyao vilivyochukuliwa. Septemba 2009 serikali ilizuia safari ya Kabaka kwenda Kayunga, ambako viongozi wa Wanyala walikuwa wakidai kujitenga na mamlaka yake. Katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 20 waliuawa. Huko magharibi, watu wa Rwenzururu walijitangazia ufalme mwaka 1962 ili kujitoa Toro, si Uganda peke yake. Ufalme huo ulitambuliwa mwaka 2009, na Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa jeshi lilipoyashambulia makao ya mfalme wake mjini Kasese.

Kwa hiyo kila dai la kurudishiwa huzaa dai dogo ndani yake. Watetezi wa federo wasiojibu dai la Wanyala wanatumia hoja ile ile ambayo dola kuu huitumia dhidi yao.

6. Shirikisho la juu, shirikisho la chini

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Novemba 1999, unalenga hatimaye shirikisho la kisiasa, na Uganda imekuwa miongoni mwa watetezi wake wakuu. Hivyo neno moja, shirikisho, husifiwa linapotazama Nairobi na Dar es Salaam, na kushukiwa linapotazama Mengo. Serikali inayoyaomba mataifa jirani yagawane nayo mamlaka inapaswa kueleza kwa nini kanuni hiyo hukoma mpakani. Nao wafuasi wa federo wanaolihofia shirikisho la kikanda wanapaswa kueleza kwa nini mataifa madogo yasiwe salama zaidi katika muungano mpana usiotawaliwa na kabila moja.

Kiswahili kina hazina moja ambayo mjadala wa Uganda haujaitumia. Tanzania, pamoja na mivutano yote iliyodhihirika katika Rasimu ya Warioba ya 2013 na pendekezo lake la serikali tatu, imekuza msamiati wa orodha: mambo ya Muungano, ambayo yalikuwa 11 mwaka 1964 na sasa ni 22, na mambo yasiyo ya Muungano. Msamiati huu haumalizi ugomvi, lakini huulazimisha uwe wa jambo moja moja: kodi hii, bandari ile, mafuta yale. Hoja inayohesabika hujadiliwa kwa urahisi kuliko hoja ya heshima.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu unaelekeza kwenye mapendekezo matatu kwa waandaaji wa matini za sheria na sera. Kwanza, neno federo libakizwe kama lilivyo katika matini za Kiswahili kuhusu Uganda, na lifasiliwe kuwa dai la mamlaka ya asili yaliyotangulia dola. Pili, ugatuzi utumike pale tu madaraka yanapotolewa na dola kuu kwa sheria, na matini iseme ni nani anayeweza kuyarudisha na kwa utaratibu gani. Tatu, mjadala wowote wa shirikisho, la ndani au la kikanda, uanze na orodha ya mambo, na kila orodha iambatane na kifungu kinachowapa walio wachache ndani ya kila sehemu njia ya kusikilizwa bila kumwaga damu.

Istilahi sahihi haitapatanisha Old Kampala na Mengo. Inachoweza kufanya ni kumzuia msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba wamekwisha kukubaliana kwa sababu tu wanatumia neno moja. Kosa la 1962 lilikuwa hilo hasa, na miaka minne ilitosha kulionyesha.