Kumsikilizisha Mtu Wimbo

Anayekupa wimbo mmoja mzuri ambao hujawahi kuusikia amekwisha kukaa na nyimbo nyingi zisizo na chochote, akazisikiliza kwa niaba yako. Ni kama kuchambua mchele: mlaji huiona sahani tu, mawe yaliyotupwa hayajui wala hayaulizii. Mwimbaji tunamsifu, mpiga gitaa tunamtaja, na siku hizi hata prodyuza hupata haki yake kwa jina kutamkwa mwanzoni mwa wimbo. Huyu aliyeukuta wimbo hauna mtu, akaubeba hadi sikioni mwako, hatumtaji. Nami naona kazi yake ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na heshima yake.

Katika mafundi wa kazi hii ninaowafahamu, anayesimama mbele ya wote ni Mwingereza John Peel. Alizaliwa mwaka 1939 karibu na Liverpool, na jina lake la nyumbani ni John Ravenscroft. Aliingia kwenye utangazaji akiwa Marekani, akarudi kwao na kutangaza Radio London, kituo kisicho na kibali kilichorusha matangazo kutoka kwenye meli iliyotia nanga nje ya pwani. BBC ilipofungua Radio 1 tarehe 30 Septemba 1967 alikuwamo, na hakutoka mpaka kifo kilipomkuta safarini Peru, Oktoba 2004. Katika watangazaji walioanza na kituo kile, ndiye aliyedumu kuliko wote.

Kipindi chake kwa sehemu kubwa kilikuwa cha usiku. Usiku mmoja ungeweza kusikia rege ya Jamaika, kisha vijana wanne wa Manchester ambao gitaa zao hazijakaa sawa, kisha rekodi ya zamani ya bluzi, kisha mashine tupu zikigonga bila mwimbaji. Wasikilizaji wengine walichukia nusu ya alichokipiga. Hilo halikumrudisha nyuma, na hapo ndipo ninapouona msingi wa ufundi wenyewe: hakuwa akiwatafutia watu kile walichokwisha kukipenda. Alikuwa akitafuta kile ambacho hawajui kama wangekipenda.

Kazi hiyo ilikuwa nzito kwa maana ya mizigo. Kanda na santuri zilimiminika kwake kwa posta, nyingi zikiwa zimerekodiwa vyumbani mwa vijana ambao hakuna kampuni iliyowajua. Nyumba yake ya kijijini Suffolk ilijaa santuri hata mkusanyo wake ukahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Nyingine alizisikiliza garini, njiani kwenda London kutangaza. Ukitafakari ni saa ngapi za maisha ya mtu hizo, utaona kwamba kipindi cha saa mbili kilikuwa ncha tu ya kazi. Yeyote anayetaka kuwaletea wenzake nyimbo mpya hana budi kukubali sehemu hii kwanza. Hakuna njia ya mkato. Sikio halinoleki kwa nyimbo nzuri peke yake. Hunoleka kwa kuzipita mbaya na za wastani hadi siku utakapotambua, kwa sekunde chache tu za mwanzo, kwamba hapa kuna mtu anasema lake.

Septemba 1978 ilimfikia santuri ndogo ya bendi iitwayo The Undertones, vijana wa mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Ilikuwa imetolewa na Good Vibrations, lebo ndogo iliyoanzishwa na mwenye duka la santuri mjini Belfast, wakati mji ule umegawanyika kwa mabomu na vizuizi vya askari. Wimbo unaitwa "Teenage Kicks" na haufiki dakika tatu. Peel aliupiga hewani. Ulipokwisha, akaupiga tena palepale.

Tendo hilo limesimuliwa mara nyingi kama kituko cha mtangazaji mwenye jazba. Mimi naliona ni ustadi. Wimbo usioujua, mara ya kwanza unakushtua tu. Unahangaika kuuliza hawa ni nani, wanafanana na nani, sauti hii mbona inatetemeka hivi. Mara ya pili ndipo unapousikia. Unaingoja ile ngoma ya mwanzo, unajua gitaa linaingia wapi, na mwili unatangulia. Msikilizaji wa kawaida hungoja siku nyingi kuupata usikivu wa pili. Peel aliwapa wasikilizaji wake usikivu huo papo hapo, na kwa kufanya hivyo aliwaambia, bila hotuba, kwamba vijana hawa wasiojulikana wanastahili kupewa nafasi mara mbili. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Sire ya Marekani ikawapa mkataba.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsaidia, nalo lilizaliwa na kikwazo. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliibana BBC isipige santuri kupita saa kadhaa, ili wanamuziki wa kupiga mubashara wasikose kazi. Basi BBC ililazimika kualika bendi studioni, hasa zile za Maida Vale, London, zirekodi nyimbo kwa ajili ya kipindi, kwa kawaida nyimbo nne kwa siku moja. Mtangazaji mwingine angeona ni usumbufu. Mikononi mwa Peel na maprodyuza wake utaratibu huo ukawa mlango. Bendi isiyo na hela ya studio ilipata studio, mafundi mitambo wazoefu, malipo, na wasikilizaji wa nchi nzima. Siouxsie and the Banshees walirekodi kwake mwaka 1977, kabla kampuni yoyote haijawachukua. The Fall walirekodi mara 24. Pulp walirekodi mwaka 1981 wakiwa bado vijana wa shule huko Sheffield, kisha wakakaa miaka 12 kabla ya kurekodi tena. Kwa jumla rekodi hizo zilipita 4,000, za wasanii wapatao 2,000. Wengi wao huwajui, wala mimi siwajui. Nao ni sehemu ya ufundi, kwa sababu anayeleta tu wale ambao hatimaye watakuwa maarufu atakuwa amengoja wengine wamtangulie.

Sisi wa Afrika tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mwaka 1986 walifika Uingereza Bhundu Boys wa Zimbabwe, na Peel pamoja na mtangazaji mwenzake Andy Kershaw waliwapigia debe kwa moyo wote. Kershaw amesimulia jinsi Peel alivyotokwa na machozi akiwatazama jukwaani. Four Brothers, Wazimbabwe wengine, walipiga kwenye sherehe ya kutimiza kwake miaka 50. Ninachokipenda zaidi ni jinsi alivyowapanga hewani: gitaa la Harare lilifuatana na gitaa la Leeds bila kuombewa radhi, bila kuwekwa kwenye kipindi maalumu cha mambo ya mbali. Mpangilio nao ni nusu ya kazi. Wimbo mgumu ukitanguliwa na laini husikika kama kelele. Ukitanguliwa na mwingine ulio mgumu zaidi husikika kama faraja. Alikuwa na kipindi kingine pia alichokifanya kwa miaka mingi katika Idhaa ya Dunia ya BBC, kikasikika kwa masafa mafupi katika nchi ambazo santuri zile zisingefika madukani hata siku moja.

Halafu kuna suala la maneno. Mletaji aseme kiasi gani? Jina la msanii, mahali anapotoka, nani amerekodi, inapatikana wapi. Baada ya hapo anyamaze na auache wimbo uende hadi mwisho. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu watangazaji wetu wengi leo huongea juu ya wimbo, huukata katikati kabla ya kiitikio cha pili, na humaliza bila kumtaja mpigaji. Msikilizaji aliyeguswa anabaki hana pa kushika. Kutomtaja mwenye kazi ni kumnyima chakula, hasa huyu wa kujitegemea asiye na bango barabarani wala kampuni ya kumsemea.

Nimewaona mafundi wa kazi hii hata mahali ambapo hakuna kipaza sauti. Dar es Salaam, kabla ya bando la intaneti kushuka bei, nyimbo zilisafiri kwa memori kadi na flashi. Kwenye vituo vya daladala kulikuwa na vijana wenye meza, kompyuta iliyochakaa, spika mbili, na bei ya kujaza nyimbo iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye boksi. Unampa simu yako, anakuuliza unataka nini, unamtajia. Aliye mjinga anakujazia hayo hayo na kukurudishia chenji. Aliye fundi anakutazama kidogo, anaangalia ulichonacho tayari kwenye simu, kisha anasema, "Braza, nakuwekea na hizi mbili. Hizo bure. Utakuja kuniambia." Na kweli ulirudi kumwambia. Alikuwa amesoma simu yako, umri wako, na pengine uchovu wako, akakadiria umbali ambao sikio lako linaweza kuruka siku ile bila kuanguka.

Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ilipanda kwa njia hizo. Ilianzia mitaani, kwenye sherehe za usiku ziitwazo vigodoro, kwa vinanda vya taarabu vilivyokatwa vikaharakishwa, hadi mdundo ukapita mapigo 200 kwa dakika. Watu wazima wengi waliikimbia na vituo vikubwa vilisita kuipiga. Huko Mburahati, Dar es Salaam, prodyuza Sisso na wenzake walikuwa wakiifyatua studioni mwao, nayo ikizunguka kutoka flashi hadi flashi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio hiyo katika albamu iitwayo "Sounds of Sisso", na miaka iliyofuata maprodyuza na wachanaji wake walikuwa majukwaani Ulaya. Waliokusanya wanastahili sifa, maana kuchagua nyimbo chache katika lundo, kwa ajili ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, kunahitaji sikio. Lakini sifa hiyo igawanywe na yule wa kwenye kituo cha daladala, aliyekuwa ameshachagua kabla yao.

Leo kazi hii inafanywa na programu. Mwaka 2015 Spotify ilianza kuwapa wateja wake orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu, na tangu 2021 huduma hiyo imefika Kenya, Tanzania na Uganda. Sitaidharau, imenipa nyimbo ninazozipenda. Ila ifahamike inavyofanya kazi. Kwa sehemu kubwa hupima ukaribu: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile, basi na wewe chukua. Wimbo uliotoka jana, wa binti wa Tanga asiye na wafuasi, haujasikilizwa na mtu, kwa hiyo hauna majirani. Mashine huufikia kwa shida mpaka binadamu fulani atangulie kuusikiliza, aupende bila kuona namba yoyote, na kuupeleka kwa wa pili. Tena binadamu huyo unaweza kumrudia ukamwambia, "Ule wimbo ulionipa siupendi hata kidogo," mkabishana, na katika kubishana ukaanza kuupenda.

Kuna deni pia kwa mwenye wimbo. Brian Shimkovitz, Mmarekani, alinunua kanda barabarani Cape Coast, Ghana, mwaka 2002: "Obaa Sima" ya Ata Kak, msanii ambaye kanda yake haikuuzika ilipotoka mwaka 1994. Alianza kuwasikilizisha watu ulimwenguni mwaka 2006, wakaipenda kwa maelfu, lakini hakuna aliyejua mwenyewe yuko wapi. Hakutosheka na sifa za kuivumbua. Alimtafuta kwa miaka, akampata, na mwaka 2015 kazi ikatolewa upya, safari hii kwa makubaliano na mwenyewe. Kumtafuta mwenye wimbo ili apate haki yake ni sehemu ya kazi ileile, japo watu wengi huishia kwenye furaha ya kuwa wa kwanza kujua.

Basi, msomaji, ukitaka kuianza, usimtumie rafiki yako orodha ya nyimbo 50, hatazisikiliza. Mtumie mmoja, na sentensi moja ya kumwambia aingojee nini. Usimuulize kesho yake. Mimi nakuletea albamu moja, "Siti of Unguja" ya Siti Muharam, iliyotoka mwaka 2020, ambamo kitukuu huyu wa gwiji wa taarabu Siti binti Saad anaziimba upya nyimbo za bibi yake kwa ganuni, udi, na besi nzito ya leo. Isikilize usiku, sauti juu kidogo, mpaka mwisho. Kisha irudie, na ukiipenda, inunue.