Rangi ya Mtindo na Rangi ya Mkono

Juma lililopita, katika hafla ya wahasibu, nilishuhudia modeli ya makadirio ya miaka kumi ikisifiwa kwa vifijo kwa sababu ya grafu zake zenye nakshi, na nilipopewa kuifungua nikakuta maingizo ya jinsi moja yamevikwa buluu za namna nne, nikaondoka na ghadhabu ambayo hata leo haijanishuka.

Modeli yenye staha huwa na maingizo ya buluu na fomula nyeusi, na vipindi vyake havihami safu: Januari ikiwa F katika lahakazi la kwanza, haina ruhusa ya kuwa G katika la tatu. Seli zilizounganishwa ni haramu, na desimali katika hesabu za mamilioni ni utovu wa adabu; katika hayo mawili sipokei hoja.

Lakini jambo ambalo mwanagenzi halitazami abadan ni asili ya rangi yenyewe: imetoka katika mtindo wa seli, ile sura yenye jina ambayo Excel huzivika seli nyingi kwa pamoja, au imepakwa kwa mkono? Kwa macho hazipambanuki. Marehemu bwana aliyenifunza kazi hii mjini Mombasa, kabla ya kusoma tarakimu hata moja, alikuwa akiufungua mtindo wa fomula na kuugeuza rangi ya chungwa. Seli zilizokuwa za mtindo ule zikaitika zote kwa mara moja, kama maamuma nyuma ya imamu, na zilizopakwa zikabakia nyeusi, siri yao hadharani. Katika modeli moja ya mkopo iliyokuwa imekwisha kupitishwa, seli moja tu ya mstari wa mapato ilikataa kuitika: mtu alikuwa amebandika pale tarakimu kavu kutoka lahakazi la maingizo, nayo ikaja na buluu yake, naye akaipaka weusi ifanane na jirani zake. Mjanja aandikaye juu ya fomula bila kugusa rangi hunaswa kwa mwandiko wa R1C1, ambamo fomula za mstari mmoja husomeka sawasawa toka mwanzo hata mwisho, na ngeni hujitokeza mara.

Kiolezo ndicho mlinzi wa mitindo, ila hakina kinga dhidi ya mvivu anayenakili seli kutoka vitabu vya kazi vya watu, maana kila seli huhamia na mtindo wa kwao, hata orodha ya mitindo ikajaa Normal 2, Normal 3, na mingine isiyo na mwenyewe.

Zama za programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, skrini nyingi zilikuwa za rangi moja, hivyo maingizo yalijulikana kwa mahali yalipowekwa, na nidhamu ile ndiyo aliyoileta bwana wangu katika Excel. Kiolezo chake kilikuwa na mitindo tisa, nami ninacho hadi leo. Wa kumi sijaona haja yake.