Sala ya Jioni na Mtoto Asiyepata Usingizi

Wengi wetu tulikutana na Sala ya Jioni ya Martin Luther katika darasa la kipaimara. Tuliikariri, tukaisema mbele ya mwinjilisti, tukabarikiwa, na tangu siku ile kitabu kimekaa kabatini. Lakini sala hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtihani. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aliiweka chini ya maelekezo kwa mkuu wa nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani mwake kujikabidhi kwa Mungu asubuhi na jioni. Mahali pake ni kando ya kitanda. Nawaalika tuisome upya tukimkumbuka mtoto anayelia taa ikizimwa, au anayeamka saa nane usiku na kuja kusimama mlangoni pa wazazi wake.

Tuangalie kwanza mpangilio wake. Inatanguliwa na ishara ya msalaba kwa jina la Utatu Mtakatifu, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana. Sala yenyewe ni fupi. Hata mtu asiye na haraka huimaliza kabla dakika moja haijaisha. Inaanza kwa kushukuru kwa ulinzi wa mchana. Inaomba msamaha, kisha ulinzi wa usiku. Halafu mwombaji anajiweka mikononi mwa Mungu, mwili wake, roho yake na vyote alivyo navyo. Mwisho anaomba malaika mtakatifu awe pamoja naye, ili yule adui asipate nguvu juu yake. Baada ya amina Luther haongezi ombi lingine. Anaelekeza tu kwamba mtu alale upesi, tena kwa moyo mkunjufu.

Maelekezo hayo ya mwisho ndiyo kipimo ninachopendekeza. Sala ya usiku tuipime kwa kile inachokiacha chumbani baada ya amina. Luther hamfichi mtoto kwamba uovu upo. Lakini adui anatajwa mara moja tu, tena mwishoni, baada ya Baba, Mwana na malaika kwisha kutajwa. Anayeomba hasemi na adui hata neno moja. Anasema na Baba yake.

Linganisha na maombi yanayosikika katika nyumba zetu nyingi, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini. Mtoto hajalala siku tatu. Wanaitwa waombaji. Wanasimama kukizunguka kitanda, sauti zinapanda, majini yanatajwa, wachawi wanaamriwa kutoka, mizimu ya ukoo inakemewa mmoja baada ya mwingine. Nia ni njema na upendo upo. Lakini tusikilize kwa masikio ya mtoto wa miaka sita. Jana aliogopa giza tu. Leo watu wazima anaowaamini wamemweleza ni akina nani waliomo humo gizani. Waombaji wanarudi makwao, yeye anabaki na orodha. Mama mmoja aliniambia kwamba baada ya maombi ya namna hiyo mwanawe alimwuliza, "Mama, wameshatoka wote?" Sijui uhakiki mkali kuliko huo.

Pwani yetu inazijua nguvu za hofu inayopita kutoka mdomo hadi mdomo. Mwaka 1995 habari za popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, watu wazima wenye akili timamu waliacha vitanda vyao wakalala nje, pamoja, wakizunguka moto. Hakuna sababu ya kuwacheka. Hofu yao ilisafiri kwa maneno, na kila aliyesimulia aliiongezea nguvu. Lakini walitambua pia kwamba mwenye hofu asiachwe peke yake. Mtoto wetu anahitaji tupunguze masimulizi na tuongeze ukaribu.

Jambo hili alilifahamu Paul Gerhardt, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani. Katika wimbo wake wa jioni uliochapishwa mwaka 1647 limo beti ambalo familia za Kijerumani wamelifanya sala ya watoto ya kulalia. Humo Yesu anaombwa atandaze mbawa zake na kumfunika kifaranga wake. Na hata Shetani akitaka kummeza, malaika waimbe kwamba mtoto huyu atakuwa salama. Yeyote aliyekulia kwenye ua wenye kuku anaielewa picha hiyo. Mwewe akipita juu, kuku hamfundishi kifaranga habari za mwewe. Anamfunika.

Tusidhani waandishi hawa waliandika hivyo kwa sababu nyumba zao zilikuwa na raha. Luther alimzika binti yake Elisabeth, mtoto mchanga, mwaka 1528, miezi michache kabla ya Katekisimo kutoka. Gerhardt baadaye aliwazika wanne kati ya watoto wake watano. Walijua usiku unaweza kuleta nini. Ndiyo maana neno "vyote" katika sala ya Luther lina uzito. Kwetu Bagamoyo wako watoto wasiolala kwa sababu baba yuko baharini na karabai, na upepo umebadilika. Mtoto huyo hana pepo. Ana sababu. Mzazi aliye nyumbani akifika kwenye "vyote", amtaje baba, autaje mtumbwi, ndipo aseme amina.

Hata hivyo sala ya Luther ina upungufu. Ni kana kwamba mtu akishaomba atalala moja kwa moja mpaka asubuhi. Haisemi lolote kuhusu saa nane usiku. Hapo itubidi tufungue 1 Samweli sura ya 3. Mtoto Samweli anaamka mara tatu na kumkimbilia Eli, mzee ambaye macho yake yamefifia, na mara tatu anamkatisha usingizi. Eli hamkemei. Hamwiti mwoga, wala hamwambii kwamba imani yake ni haba. Anamrudisha akalale, na mara ya tatu anampa maneno machache ya kusema kama ataitwa tena. Najua si rahisi kwa mzazi anayetakiwa kuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri ili awahi kazi Dar es Salaam. Lakini mtoto aliyepokewa hivyo anajifunza kitandani kile tunachokihubiri kutoka Zaburi ya 121, kwamba Mlinzi wetu hasinzii.

Upo upungufu mwingine, na huu ni wetu wasomaji. Kwa kuwa sala inaomba msamaha, tunaweza kumfanya mtoto aamini kwamba hapati usingizi kwa sababu ya dhambi zake. Luther aliweka msamaha kabla ya usingizi ili mtu asipande kitandani na deni. Tusiligeuze kuwa shtaka.

Wala sala isimzuie mtoto kupata tiba. Anayekoroma sana na kukatika pumzi, mwenye homa, anayejikuna usiku kucha, apelekwe zahanati. Malaika wa Bwana alipomkuta Eliya amechoka chini ya mti, alimpa kwanza chakula na kumwacha alale tena. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya shule anatakiwa awe amelala saa mbili usiku. Kama televisheni inawaka chumba hicho hicho hadi saa nne, tusimsingizie Shetani.

Basi leo jioni kitabu kitoke kabatini. Mzazi aketi, ashike mkono wa mtoto, aisome sala kwa sauti ya kawaida, aseme amina, na asiongeze kitu. Kisha abaki hapo kimya mpaka asikie pumzi ya mtoto imetulia.